Kioo cha indiketa kimedondoka: ununue kipi?

Skrubu ndogo moja au mbili ndizo zinazoshika kioo cha indiketa kwenye pikipiki nyingi. Injini inatetemesha, barabara ya vumbi inamalizia, na siku moja unakuta balbu iko wazi. Usiiache hivyo. Balbu ya kawaida haina rangi, na bila kioo chake cha chungwa inamulika nyeupe. Jua la saa saba mchana likiwaka, dereva aliye nyuma hajui kama unakata kona. Mvua ikinyesha, holda inaota kutu.

Chaguo la kwanza ni kioo kitupu cha modeli yako. Muuza spea anaweza kukusukumia indiketa nzima. Kama kikombe chake, yaani sehemu inayobeba balbu, ni kizima, shikilia msimamo. Fungua kioo kilichobaki upande wa pili, uende nacho dukani. Kioo cha Boxer na cha TVS vinaweza kufanana kwa macho, lakini tundu la skrubu ndilo litakalokuumbua. Angalia kama rangi imo ndani ya plastiki yenyewe au imepuliziwa juu: ikwaruze kidogo kwa ukucha upande wa ndani. Herufi E ndani ya duara ni alama ya viwango vya kimataifa. Pembeni yake, 11 ni ya mbele na 12 ni ya nyuma.

Cha pili, na najua wengine watabisha, ni kioo orijino kilichotumika, kutoka pikipiki iliyokatwa spea. Mimi nakichagua kabla ya kopi mpya ya bei rahisi, mradi hakijapauka na hakina nyufa kuzunguka tundu.

Indiketa nzima naiweka ya tatu. Inunue pale uzi wa skrubu umelika au shina limekatika. Chukua yenye shina la mpira, kwa sababu ukianguka linapinda badala ya kuvunjika. Balbu iwe na wati zilezile za zamani. Nyingi ni wati 10.

Indiketa za LED ni za mwisho kwangu, ingawa zinapendeza. Flasha ya kawaida, yaani kifaa kinachofanya indiketa iwake na kuzima, imepimwa kwa balbu za wati 10, kwa hiyo ukiweka LED itawakawaka mbio mbio au isiwake sawasawa. Piga hesabu ya flasha ya LED pia kabla hujalipa. Vioo vyeupe navyo vinataka balbu ya chungwa, ambayo mara nyingi pini zake hazitazamani sawasawa. Ikigoma kuingia, usiilazimishe.

Supa gluu usinunue kabisa kwa kazi hii. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye kioo, na balbu ikiungua utalazimika kukivunja. Selotepu nyekundu ni hatari zaidi, maana aliye nyuma atadhani unafunga breki.

Wakati wa kufunga, kata kipete chembamba cha tyubu kuukuu ukiweke chini ya kichwa cha skrubu, kisha kaza kwa mkono mpaka ishike, basi. Gundi ya kuzuia nati isilegee ni ya chuma kwa chuma, ikigusa plastiki inaweza kuipasua. Washa uhesabu: mimweko 60 hadi 120 kwa dakika ni sawa.

Kama vimepotea viwili na hela inatosha kimoja, anza na cha nyuma kulia. Sisi tunaendesha kushoto, na gari linalotaka kukupita linakuja upande huo.