Spamu (barua pepe taka): kuikatalia mlangoni au kuipokea kwanza?

Sisi tunaosimamia seva za meili hapa Kampala hili swali linatusumbua kila siku. Njia ya kwanza, seva inaikataa barua hapo hapo wakati seva inayotuma bado iko kwenye laini, inajibu 550, yaani nimekataa, basi. Ya pili inajibu 250, yaani nimepokea, halafu ndo chujio linaanza kukagua na kuitupa kwenye folda ya spamu.

Mimi nasimama na ya kwanza, na sababu kubwa ni yule mtu halali ambaye barua yake inadhaniwa kimakosa ni spamu. Akikataliwa mlangoni seva yake mwenyewe inamwambia barua haijafika, so anapiga simu. Kwenye folda ya spamu barua inakaa kimya tu, kuna mteja wetu wa Mbarara alisubiri jibu la bei wiki mbili nzima akidhani tumempuuza, kumbe sisi hatukujua hata kama ameandika, iliniuma sana.

Kibaya kabisa ni kupokea halafu kurudisha baadaye, maana anwani ya mtumaji wa spamu mara nyingi ni ya kughushi, unamrushia taka mtu asiyehusika na IP yako, yaani anwani ya seva yako kwenye mtandao, inaweza kuingia blaklisti, orodha ya seva zinazozuiwa.

Ya pili nayo ina uzuri wake, chujio halina haraka na mpokeaji anaweza kuiokoa barua yake mwenyewe kutoka folda ya spamu. Lakini ukiwa na shaka si ujibu 451, yaani siwezi sasa, jaribu tena, seva halali itajaribu tena baadaye, programu nyingi za spamu hazirudi.