Soma Label kwenye kaunta ya jumla, Bungoma: nyota tatu

Nauza jumla hapa Bungoma: sukari, mafuta, sabuni, unga, na rafu moja ya sigara nyuma yangu. Malaba si mbali, Busia si mbali, na huko Mlima Elgon njia za panya ni nyingi kuliko barabara. Kwa hiyo nikiuliza mzigo umetoka wapi, siulizi kwa udaku. Ukikutwa na sigara zisizo na stempu ya ushuru, faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au jela. Ndiyo maana Soma Label, programu ya bure ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ya kukagua stempu, inakaa kwenye simu yangu pembeni ya M-Pesa.

Kuitumia hakuhitaji darasa. Unafungua, unaelekeza kamera kwenye ule mraba wenye vidoa ulio juu ya stempu, inakutajia bidhaa na aliyeitengeneza. Stempu zenyewe zilianza 2013 kwa sigara, mvinyo na pombe kali, na 2019 zikafika kwenye maji ya chupa, soda na juisi, kwa hiyo mwenye duka anaitumia kwa rafu zaidi ya moja. Onyo moja tu: usiridhike eti imejibu. Soma jibu mpaka mwisho, uone kama jina lililotokea ni la kitu ulichoshika mkononi. Stempu ni karatasi, na karatasi hubanduka.

Kwa pombe, hasa zile chupa ndogo, naipa alama zote. Kwa sigara, hapo tuongee.

Magendo ya sigara huku kwetu kwa kawaida si ya mtu aliyekaa chini kughushi stempu. Ni paketi iliyovuka mpaka bila stempu ya Kenya kabisa. Chukua sigara ya Supermatch: kuna ya Kenya na kuna ya Uganda, na hiyo ya Uganda imekamatwa upande huu mara nyingi mpaka habari yenyewe haishtui mtu tena. Sasa kijana wa bodaboda anaegesha mlangoni, anafungua gunia, anasema, "Mama, chukua hizi, mimi na wewe hatuwezi kukosana bei." Hapo Soma Label inafanya nini? Haina pa kuelekeza kamera. Macho yameshamaliza kazi. Waganda wana programu yao, Kakasa, lakini hata stempu yao ikiwa halisi inahusu ushuru wa kwao. Kwangu mimi, kwenye kaunta hii, hiyo paketi bado ni magendo.

Kipimo changu cha kwanza basi si simu. Ni hesabu. Tangu mwisho wa 2024 ushuru wa sigara Kenya ni shilingi 4,100 kwa kila sigara elfu moja, yenye kichungi na isiyo na kichungi sawasawa. Gawanya: paketi ya ishirini ina ushuru wa shilingi 82 kabla ya mkulima, kiwanda, lori na mimi hatujapata hata ndururu. Juu yake weka VAT ya asilimia 16. Mtu akiniletea paketi ya shilingi 100 aniambie imelipiwa kila kitu, natoa VAT, karibu shilingi 14, natoa 82, zinabaki kama nne. Nne! Kwa tumbaku, karatasi, kichungi, sanduku na mafuta ya pikipiki yake. Kijana wangu, hata muwa hapa stendi haununui kwa pesa hiyo.

Na hiyo hesabu ndiyo inayoeleza gunia lenyewe. Uganda, kwa miaka kadhaa, sigara ya paketi laini iliyotengenezwa huko ililipiwa shilingi zao 55,000 kwa elfu moja, yaani 1,100 kwa paketi, takribani 40 zetu. Pengo la 82 na 40 linatosha kumlipa mtu wa pikipiki, mwenye stoo, na yeyote wa kuangalia pembeni mzigo ukipita. Kama hata hizo 40 hazikulipwa, mfuko ni mnene zaidi. Wenye viwanda hupenda kuishia hapo: punguzeni kodi, magendo yatakwisha. BAT Kenya, kampuni ya sigara, wanasema sigara zilizokwepa kodi zimepita theluthi ya soko. Utafiti usiolipiwa na kampuni za sigara huwa unatoa tarakimu ndogo zaidi. Mimi naona kwenye daftari langu la madeni kwamba bei ikipanda wapo wanaopunguza, tena wale wadogo wenye pesa ya kuokoteza ndio wa kwanza. Sioni kwa nini hilo liachwe ili gunia lipoteze faida. Gunia lishikwe lilipo.

Ila kasoro kubwa ya Soma Label haiwezi kurekebishwa na fundi wa programu. Inasemwa ni ya mwananchi akague anachonunua. Mvutaji wa hapa hanunui paketi, ananunua moja. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, na bado ukipita kioski chochote jioni utakuta paketi imefunguliwa kando ya kiberiti kilichofungwa kwa kamba. Stempu inabaki kwa muuzaji. Mnunuzi anaondoka na kijiti kisicho na chochote cha kusomwa, tena mara nyingi usiku, na simu yake ni ya kitufe. Programu imemlenga mtu ambaye stempu haimfikii kamwe.

Yeye hesabu yake ni fupi kuliko yangu. Sigara moja ina ushuru wa shilingi 4 na senti 10. Ukiuziwa kwa shilingi 5, ukatoa na VAT, zinabaki senti ishirini hivi. Fegi ya shilingi tano haijalipiwa kodi, nukta. Kama atajali ni jambo lingine, na wengi nikiwaambia hucheka, wanasema basi hiyo ndiyo nzuri.

Mwenye duka la jumla, baa au hoteli: iweke kwenye simu, na mzigo ukifika usikague boksi la juu peke yake, chomoa na la chini. Mwenye kioski anayenunua kwetu: kagua mbele yetu kabla hujalipa, muuzaji safi hatanuna. Nyota tatu kwa sababu ya sigara. Ingekuwa pombe tu, ningetoa tano.