Balbu za halojeni za "asilimia 150 zaidi": nimezifunga, haya ndo maoni yangu

Niseme mapema tu, balbu za taa za mbele za gari nilizofunga, Osram Night Breaker Laser za H4 (aina yenye dimu na fulu kwenye balbu moja), nimezipenda na zikiungua nitanunua tena, ila kama unategemea gari ligeuke uwanja wa mpira usiku basi utasikitika, maana ile "mwanga asilimia 150 zaidi" ya kwenye boksi watu wengi wanaisoma vibaya.

Iko hivi. Hiyo asilimia hailinganishwi na balbu uliyonayo sasa, inalinganishwa na kiwango cha chini kabisa kinachokubalika kisheria, tena kwenye sehemu fulani tu ya barabara mbele ya gari. Na imeandikwa "hadi". Balbu ya H7 (aina yenye waya mmoja tu wa kuwaka) kwa mfano imewekewa lumeni 1500, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, izidi au ipungue kwa asilimia 10 basi, H4 ni kama 1000 kwenye dimu na 1650 kwenye fulu, wati ni zilezile, 60 kwenye fulu na 55 kwenye dimu, iwe ya bei chee au ya bei mbaya. Sasa hiyo mara mbili na nusu itatoka wapi? Wanachofanya ni kuubana waya wa ndani uwe mdogo na uwake kwa joto kali zaidi, gesi nayo wanaweka zenoni, hivo mwanga unatokea sehemu ndogo na reflekta (kile kioo cha ndani ya taa kinachorudisha mwanga) inaweza kuurusha mbali bila kuumwaga hovyo.

Barabarani unaona nini? Mbele kidogo ya boneti hamna tofauti ya maana. Utamu uko kule mbali, pale ambapo dimu ya balbu ya kawaida inaanza kufifia, mtu anayetembea pembeni na nguo nyeusi unamuona mapema, mashimo yanaonyesha kingo zake, na rangi ya mwanga ni nyeupe kuliko ile njano ya kiporo niliyoizoea. Kwenye fulu sikuona tofauti kubwa sana kwa kweli. Philips nao wana X-tremeVision, ni ukoo uleule, kwa hiyo ukizikuta hizo usihangaike kutafuta nyingine.

Ubaya wake ni maisha mafupi. Waya unaowaka kwa joto kali unaisha haraka, hilo halina ujanja, tegemea nusu ya balbu ya kawaida au hata chini ya hapo. Kama gari lako taa zinawaka muda wote hata mchana, mimi ningekushauri uchukue tu zile za kudumu au za kawaida, la sivyo utakuwa unafungua boneti kila mara na gari zingine kufikia balbu ni mpaka utoe betri au bampa (waliochora hizo gari sijui walikuwa wanamkomoa nani).

Zile za buluu achana nazo kama shida yako ni kuona. Rangi ya buluu kwenye kioo inakula mwanga, yaani unalipia mwanga alafu unauzuia usitoke, zinapendeza gari likiwa limepaki ila kwenye mvua utajuta. Za wati 100 ndo kabisa usiguse, soketi inayeyuka, waya zinachemka, reflekta inababuka na wenzako wanaokuja mbele unawapofusha. LED za kuchomeka kwenye taa ya halojeni nazo simo, reflekta ilipigiwa hesabu ya mahali filamenti (ule waya wa ndani unaowaka) ilipo, ukibadilisha chanzo mwanga unatawanyika.

Kabla hujatoa hela yoyote pima umeme kwenye soketi ya taa gari likiwa linaunguruma na taa zimewashwa. Volti ikipungua asilimia 10 mwanga unapungua karibu asilimia 30, kwa hiyo gari lenye waya zilizochoka na waya wa ardhi (earth) wenye kutu linaweza kukufanya uilaumu balbu bure, na mwambie fundi aweke rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na waya mnene zilete umeme moja kwa moja kutoka betri, saa zingine hapo ndo tatizo lote linaisha na balbu za zamani zinarudi kuwa mpya. Lenzi ya plastiki ikiwa imegeuka njano nayo isuguliwe kwanza.

Kufunga ni dakika chache. Usishike kioo kwa vidole, mafuta ya ngozi yanatengeneza doa la joto na balbu inakufa mapema, ukishika ifute na spiriti. Badilisha mbili kwa pamoja, alafu peleka taa zikapimwe zinatazama juu au chini kiasi gani, maana balbu kali iliyotazama juu ni kero kwa kila mtu. Kitako cha balbu kiwe na alama ya E ndani ya duara, yaani imeidhinishwa kutumika barabarani, kama hakina usiinunue.

Zile za zamani zikiwa bado nzima zitie kwenye buti, hizi kali zina tabia ya kufa usiku.