Kipimo cha kingamwili za tezi ya shingo hapa Mbeya: uzoefu wangu

Uyole mwezi wa sita kila mtu amejifunga koti, sasa nani atajua kwamba baridi yako wewe ni ya ugonjwa? Mimi nililala na soksi mbili hadi Oktoba, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, shingo nayo ikaanza kujaa. Mama akasema ni rovu tu, kwao Makete wazee wengi walikuwa nalo, nile chumvi yenye madini joto. Hakubahatisha, maana huku Nyanda za Juu Kusini rovu la kukosa madini joto lilikuwa la kawaida kabisa. Ila chumvi hiyo ndiyo tunayokula nyumbani miaka yote.

Daktari akaandika vipimo vitatu vya damu: TSH (homoni inayoisukuma tezi ifanye kazi), T4 (homoni ya tezi yenyewe) na Anti-TPO. Hicho cha mwisho hutafuta kingamwili zinazoishambulia tezi yenyewe. Nikaenda maabara moja binafsi mjini, jina naliacha.

Dada wa kutoa damu, kabla hata hajanifunga mpira mkononi, akauliza: "Dada, unatumia vidonge vya nywele na kucha?" Nikashtuka, amejuaje? Nilikuwa nimevinunua kwa sababu ya hizo nywele zinazodondoka. Akanieleza vina bayotini nyingi, yaani vitamini B7, na zipo mashine zinazotumia bayotini hiyohiyo kupimia, hivyo majibu huweza kudanganya: TSH ikashuka, T4 ikapanda, na kingamwili nazo zikavurugika. Akanirudisha nyumbani nikae siku 3 bila vidonge, hakunitoza hata shilingi. Nauli ya daladala iliniuma kidogo, lakini nilimshukuru. Niliporudi nilikuwa nimeshakunywa chai, maana kipimo hiki hakihitaji kufunga. Sindano moja, dakika tano, nimetoka.

Sasa majibu. Niliahidiwa siku 3. Siku ya tano napiga simu ndipo naambiwa TSH na T4 wanapima wenyewe, ila ya kingamwili damu inapelekwa Dar. Jamani, hilo si lisemwe mtu akiwa bado na hela mkononi? Siku ya 9 ikaja picha WhatsApp, imekatwa upande wa kulia, palepale panapoandikwa kiwango cha kawaida. Kingamwili 412 peke yake itanisaidia nini? Nikafuata karatasi yenyewe: kikomo chao ni 34. Mashine nyingine ina kikomo chake, kwa hiyo usilinganishe namba yako na ya jirani.

TSH ilikuwa 14, juu ya kawaida, daktari akasema ni Hashimoto, yaani kinga ya mwili wangu mwenyewe inaishambulia tezi hadi inazembea kazi. Sasa nameza levothairoksini, kidonge cha kujazia homoni ya tezi, alfajiri tumbo likiwa tupu, chai inasubiri. Na baridi hii, kuisubiri chai ni adhabu.

Mapokezi waliniambia nirudie kingamwili kila baada ya miezi 3. Daktari alicheka: zikishaonekana zimeonekana, dozi inafuatwa kwa TSH. Anti-TPO ilinigharimu zaidi ya mara mbili ya TSH, na bima yangu haikuilipia, kwa hiyo ukiambiwa urudie, muulize kwanza daktari wako. Januari narudi kwa TSH tu, na nitapiga simu nijue kama yule dada yupo zamu.