Tahadhari: tapeli wa kadi za besiboli anayetuandama watu wa Afrika Mashariki

Wadau wa kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, hasa nyinyi mlioko Marekani mnaobadilishana kadi kwa posta: kuna mtu anazunguka akijifanya mkusanyaji mwenzetu, na kazi yake ni kukomba kadi za watu. Ninaowajua mpaka sasa ni watatu aliowaliza, na mimi nimo. Wawili ni Wakenya, mmoja Mtanzania, na sote tulifuatwa naye, hakuna aliyemtafuta. Anatuchagua.

Jina lake siliweki. Kwangu alikuja na jina moja, kwa mwenzetu wa Texas akaja na jingine na sura nyingine kabisa kwenye wasifu, na huenda zile picha ni za mtu baki ambaye hana habari. Kisichobadilika ni mwenendo wake. Huo ndio nitakaoueleza kwa kirefu.

Anaanza na "Jambo". Atakwambia aliwahi kupanda Kilimanjaro, au dada yake alifanya kazi ya kujitolea Kisumu, na baada ya sentensi mbili tatu za Kiswahili cha mashine anahamia Kiingereza na kuingia kwenye kadi. Na kadi anazijua kwelikweli. Matapeli wengi ukiwauliza tofauti ya toleo la kawaida la Topps, kampuni inayochapisha kadi, na lile la Topps Update linalotoka baadaye msimu huohuo, wanababaika. Huyu hababaiki hata kidogo, na hapo ndipo anapowapata watu.

Mimi nakusanya kadi za wachezaji waliozaliwa Afrika. Ni kundi dogo, halina pesa, ila ndilo langu. Yeye alikuwa amepitia matangazo yangu yote kabla hajaniandikia, maana ujumbe wake wa pili ulikuwa picha ya kadi ya Gift Ngoepe yenye saini. Kwa asiyemjua, Ngoepe ni Msauzi aliyeingia kikosini Pittsburgh Pirates mwezi Aprili 2017 na kuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Zamu yake ya kwanza ya kupiga, mbele ya mrushaji Jon Lester wa Chicago Cubs, akapiga na kufika kituo cha kwanza. Kadi yake haina bei ya kutisha. Niliitaka tu, na jamaa alishalijua hilo.

Tukabadilishana. Kadi ilifika safi, imefungwa kama inavyotakiwa: kifuko laini, kisha kifuko kigumu, kisha katikati ya vipande viwili vya boksi, na utepe wa samawati wa mafundi rangi uliokunjwa ncha ili mpokeaji aubandue bila kuhangaika na mkasi. Mkusanyaji yeyote akiuona utepe ule anajua aliyefunga ni mwenzake. Ikafuata biashara nyingine ndogo, nayo ikaenda vizuri. Wenzangu wawili nao walianza hivyohivyo, kwa vitu vidogo vinavyofika kwa wakati. Ndicho chambo chake, na ukikipima kwa dola hakimgharimu kitu.

Ndipo ikaja kubwa. Alitaka kadi yangu ya Mike Trout ya 2011, Topps Update namba US175, iliyopimwa na PSA (kampuni inayokagua ubora wa kadi, kuipa daraja hadi 10 na kuifungia kwenye kasha gumu lenye lebo na namba ya cheti) na kupewa daraja la 9. Badala yake angenipa Shohei Ohtani wa 2018, Topps Update namba US1, daraja la 10, na juu yake Ken Griffey Jr. wa Upper Deck (kampuni nyingine ya kadi) 1989, namba 1, nayo ikiwa kwenye kasha la PSA. Zote tatu ni kadi za ruki, yaani za mwanzo wa mchezaji ligi kuu. Ukipiga hesabu, pande mbili zilikuwa zinalingana. Nalisema hili kwa sababu tumezoea kuonyana kuhusu dili lililonona kupita kiasi, na dili la huyu bwana halinoni. Limenyooka, kama la mtu aliyekaa akalinganisha bei za mauzo ya karibuni.

Kati ya wabadilishanaji kuna desturi kwamba mwenye ushuhuda mchache wa biashara zilizopita anatuma kwanza. Yeye haitumii desturi hiyo, na ndiyo maana unamwona muungwana. Anasema tutume siku moja, tena anakuletea namba yake ya kufuatilia mzigo kabla yako. Ukiiingiza kwenye tovuti ya posta unaona lebo imeshatengenezwa. Lakini lebo ni karatasi tu, mtu anaichapisha nyumbani bila kugusa bahasha. Unatuma kadi yako. Baada ya hapo mzigo wake nao unaanza kusogea, unapita mji baada ya mji, halafu siku ya siku tovuti inaandika kwamba umefika. Unakwenda kwenye sanduku la barua, hamna kitu.

Hapa tuelewane vizuri, kwa sababu ndiyo roho ya utapeli wenyewe. Tovuti ya posta ikikwambia mzigo umefika, inaonyesha mji, jimbo na namba ya eneo la posta. Nyumba haionyeshi. Anachofanya jamaa ni kutuma bahasha ya kijuujuu, yenye karatasi ya matangazo au isiyo na kitu, kwenye anwani nyingine iliyo ndani ya eneo lako hilohilo la posta. Kwa mitambo, mzigo umetoka kwake na umefika kwenu. Ukilalamika popote, anaonyesha ushahidi wa kufikisha, na mbishi unaonekana wewe.

Dawa yake ipo, ila uiwahi. Nenda posta inayohudumia mtaa wako ukiwa na ile namba na kitambulisho. Karani anaweza kuangalia kwenye kompyuta yake kifaa cha mpeleka barua kilisomea wapi ule mzigo. Anwani yenyewe hatakupa, ni faragha ya mtu, lakini atakwambia kama ni yako au siyo. Mwombe pia uzito ulioandikwa kwenye lebo. Wangu ulikuwa na uzito wa barua, na makasha mawili magumu ndani ya boksi hayawezi kuwa na uzito wa barua. Omba hayo kwa maandishi. Wengine wanasitasita kuyaandika, usiondoke, omba kumwona msimamizi.

Mwenzetu wa Texas yeye alipata mzigo, tena mzito. Ndani mlikuwa na kasha feki. Watu wengi wanaamini kwamba ukiingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya PSA na kadi ikatokea, umemaliza. Hujamaliza. Wanaotengeneza feki wanachukua namba ya kadi halisi iliyopo mahali fulani na kuichapisha kwenye lebo yao, kwa hiyo tovuti itaitika vizuri kabisa: jina, mwaka, daraja, kila kitu. Cha kufanya ni kuangalia kama tovuti ina picha ya kadi hiyo, kisha uilinganishe na uliyoshika. Tazama upana wa pambizo kushoto na kulia, juu na chini. Tazama vidoa vya wino na mikwaruzo midogo. Hakuna kadi mbili zilizokatwa sawasawa kabisa. Kama tovuti haina picha, rudi kwenye kasha lenyewe: mishono ya pembeni, ukali wa maandishi ya lebo, kile kibandiko kinachong'aa. Weka kando yake kasha unalolijua kuwa la kweli la kipindi hichohicho, na feki nyingi zinajiumbua zenyewe.

Wa tatu, aliyeko Minnesota, alichezewa kwa njia nyingine. Jamaa alipokea kadi yake, akadai ina mkunjo ambao haukuonekana kwenye picha, akairudisha kwa heshima zote. Iliyorudi ilikuwa ya mchezaji yuleyule na toleo lilelile, ila iliyochoka. Haikuwa ndani ya kasha, kwa hiyo hakukuwa na namba ya kuthibitisha ipi ni ipi.

Kadi zisizo na kasha zina mambo mengi, nitagusa moja tu, ukataji. Kadi nyingi za kisasa, tangu Topps walipotulia kwenye kipimo hicho mwaka 1957, ni inchi 2.5 kwa 3.5. Mtu mwenye kadi yenye kingo zilizochakaa anaikata wembamba wa nywele, kingo zinakuwa mpya, bei inapanda. Pima. Na kwa kadi ya zamani, jua kwanza kipimo cha zamani: Mickey Mantle wa Topps 1952, namba 311, asili yake ni kubwa kuliko kadi ya leo, inchi 2⅝ kwa 3¾. Topps wenyewe walilichapa upya toleo lile mwaka 1983 kwa kipimo cha kisasa, na kuna watu wanaziuza kadi hizo kama za 1952. Rula ya shilingi mbili inatosha kumkamata muuzaji wa namna hiyo. Kadi halisi ya Mantle yule iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022, kwa hiyo akikwambia aliipata kwenye boksi la marehemu babu yake na anabadilishana kwa Trout wako, mpe pole ya msiba uendelee na shughuli zako.

Asije mtu akasema haya ni ya wadogo wadogo. Ile kadi maarufu ya Honus Wagner, ya toleo la zamani sana liitwalo T206, ambayo Wayne Gretzky, nyota wa hoki ya barafu, na mwenzake waliinunua kwa dola 451,000 mwaka 1991 na ndiyo kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA, ilikuwa imekatwa kingo. Ikapewa daraja la 8, ikapita mikono kadhaa, ikafika dola milioni 2.8 mwaka 2007. Mwaka 2013 Bill Mastro, aliyekuwa jina kubwa la minada ya kadi, akakiri mahakamani kwamba yeye ndiye aliyeikata. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20 kwa udanganyifu kwa njia ya posta.

Turudi kwa jamaa yetu. Atakapokufuata, na wapo atakaowafuata, mwombe picha ya kadi ikiwa juu ya karatasi aliyoandika kwa mkono jina lako na tarehe ya siku hiyo. Sisi wote watatu picha alizotutumia zilikuwa nzuri mno. Yangu nimekuja kuikuta kwenye tangazo la zamani la mnada la mtu mwingine. Mwombe pia video fupi akiigeuza kadi kwenye mwanga. Mwenye kadi anafanya hayo kwa nusu dakika. Asiye nayo atakupa hadithi ya simu mbovu.

Halafu kuna suala la pesa. Kwenye kubadilishana kadi kwa kadi hakuna malipo yaliyopita popote, kwa hiyo hakuna benki wala PayPal wa kumlilia. Kwa kadi ya dola mia kadhaa, mimi sasa naona afadhali kila mmoja auze yake na anunue anayoitaka. Ada zitauma, ndiyo. Lakini kwa PayPal, ukilipa kama mnunuzi wa bidhaa una siku 180 za kufungua malalamiko, na eBay tangu 2022 ina utaratibu wa kadi za bei kupitia kwanza kwa wakaguzi. Kama kuna nyongeza ya pesa juu ya kadi, usikubali kuituma kwa ile njia ya PayPal ya marafiki na familia, wala kwa programu za kutumiana pesa kama Zelle au Cash App. Huyu bwana alimwomba mwenzetu wa Texas hivyo, kwa kisingizio cha kukwepa ada. Njia hizo ni za kumtumia mtu unayemjua.

Mkitaka kubadilishana tu, kutaneni kwenye maonyesho ya kadi au kwenye duka, mezani, kadi zote mbili mbele yenu. Ikibidi posta, rekodi video ukifunga, lebo na mizani vionekane. Na ukipokea, rekodi tangu boksi likiwa bado limezibwa.

Kuhusu kuripoti: akishatumia posta kutapeli, hilo ni kosa la serikali kuu ya Marekani, na sheria inaruhusu kifungo cha hadi miaka 20. Malalamiko yanakwenda kwa Wakaguzi wa Posta ya Marekani, na ya mtandaoni kwa kitengo cha FBI kinachoitwa IC3. Yote yanajazwa kwenye tovuti. Mimi nimeshajaza ya kwangu pande zote mbili. Kesi ya mtu mmoja mwenye kadi moja wanaweza kuiacha ikalala, lakini zikiwa tatu, nne, zenye mwandiko uleule kwenye bahasha, ni habari nyingine.

Kuna jambo limeniudhi kuliko kadi yenyewe. Mmoja wetu alipomwambia jamaa kwamba ataripoti, alijibiwa kwa swali kuhusu viza yake. Ndiyo sababu nasema anatuchagua. Anahesabu kwamba kati yetu wapo wenye makaratasi yasiyokaa sawa ambao hawatathubutu kukanyaga ofisi yoyote.

Kama hilo ndilo linalokuzuia, nitumie mazungumzo yenu, namba ya kufuatilia mzigo na picha ya bahasha mbele na nyuma. Futa jina lako. Nitaviambatisha kwenye malalamiko yangu. Na wanaonunua kadi, mkikutana na Trout US175 ya daraja la 9 yenye kidoa cheupe nyuma, kona ya chini kushoto, na kasha lililokwaruzika juu ya lebo kwa mstari mmoja wa kulala, msimshtue muuzaji. Pigeni picha ya namba ya cheti mnitumie.