Boli valvu ndogo: ipi ya maji, ipi ya gesi ya friji, na ipi uiache dukani

Ukiomba boli valvu ya nusu inchi, ile inayofunga kwa tufe lenye tundu, kwenye duka la vifaa vya bomba Kariakoo, muuzaji ataweka mezani tatu au nne zinazofanana kama ndugu. Zote zinang'aa, zote zina mpini mwekundu, na zote zimeandikwa PN25 mahali fulani. Bei ndiyo inayopishana, tena kwa mbali. Wengi huchukua ya katikati, kwa hesabu kwamba ya chini ni feki na ya juu ni ya wenye pesa. Hesabu hiyo haikusaidii. Tofauti haiko kwenye mng'ao wala kwenye namba ya presha. Iko kwenye shina linaloshika mpini, kwenye tufe lililo ndani, na kwenye ncha mbili zinazoungana na bomba. Huko ndiko valvu inakofia.

Presha tuimalize mapema. Kila mita 10 za kimo cha maji ni karibu bar 1, kwa hiyo simtanki lililo juu ya mnara wa mita 6 linakupa bar 0.6 tu kule chini. PN25 maana yake bar 25 maji yakiwa ya baridi. Ukikuta 600 WOG (maji, mafuta, gesi), hizo ni psi 600, kama bar 41. Nyumba ya kawaida haifiki hata robo ya hapo, basi usiongeze pesa kwa ajili ya PN40. Ongeza pesa kwa ajili ya tundu. Fungua valvu, ichungulie: tundu la tufe linapaswa kuwa pana sawa na bomba. Zipo ambazo tundu limebanwa, na kwa maji yanayosukumwa na pampu hutaona tatizo kubwa. Lakini kwa maji yanayoshuka yenyewe kutoka tangini, kila mbano unakula kile kipresha kidogo ulichonacho, halafu lawama anabebeshwa shawa.

Ukiishika mkononi dukani, usianze na mpini. Tazama kwanza maandishi yaliyomo kwenye mwili wenyewe, yale yaliyotoka na chuma kiwandani: saizi, PN, na alama ya mtengenezaji. Stika na boksi havihesabiki, kwa kuwa boksi la Italia linaweza kubeba chochote. Kisha pima uzito kwa viganja, moja huku na nyingine kule. Brasi ni nzito kuliko aloi ya zinki, na ukuta mnene ni mzito kuliko ukuta mwembamba. Ukiruhusiwa, kwaruza kidogo kwa ncha ya ufunguo ndani ya tredi, pale ambapo kromi haikufika vizuri. Brasi itakuonyesha njano. Zinki itakuonyesha kijivu cheupe, na hapo mazungumzo yameisha.

Sumaku nayo ina kazi yake, ila wengi huipeleka pasipofaa. Kuigusisha kwenye mpini hakukuambii kitu, maana mpini ni chuma hata kwenye valvu nzuri. Na kwenye mwili haitofautishi brasi na zinki, kwa sababu zote mbili hazivutwi. Ipeleke kwenye tufe. Tufe la brasi iliyopakwa kromi halivutwi. Likivutwa kwa nguvu ni chuma kilichopakwa juu, na siku kromi ikibanduka kutu itazikwangua zile pete mbili nyeupe za tefloni, na valvu haitafunga tena.

Mwisho, ondoa nati inayoshika mpini uangalie shina. Kama chini ya mpini kuna nati nyingine inayobana shina, umepata valvu unayoweza kuikaza ikianza kutoa matone. Kama hakuna, kuna oringi tu ndani, yaani pete ya mpira, na ikichoka unabadilisha valvu nzima. Shina zuri huingizwa kwa ndani ya mwili, kiasi kwamba presha haiwezi kulirusha nje.

KWA MAJI, MPANGILIO WANGU

Ya kwanza ni brasi nzito, tundu kamili, PN25, yenye nati ya kubana shina. Kwa nyumba nyingi za bara, hii inatosha na inabaki. Kwa pwani, ambako maji ya kisima mara nyingi yana chumvi, ongeza sharti moja: itafute iliyoandikwa CR au DZR, au namba ya aloi CW602N, ambazo ni alama za brasi isiyonyonywa zinki kirahisi. Maji yenye kloridi huinyonya zinki kutoka ndani ya brasi ya kawaida na kuacha shaba nyekundu yenye vinyweleo. Kwa nje valvu inaonekana nzima. Siku ukiigusa kwa spana, tredi inavunjika kama biskuti na nusu yake inabaki ndani ya soketi ukutani.

Ya pili ni stenlesi, na ningeiweka ya kwanza kwa kisima chenye chumvi kama bei isingekuwa inauma. Soma mwilini: CF8M ni stenlesi ya daraja la 316, ile yenye molibdenamu inayohimili chumvi. CF8 ni daraja la 304, inang'aa vilevile lakini haifai kwa maji ya chumvi. Angalia pia ilivyoundwa. Zile za kipande kimoja, ndogo na nyepesi, kwa kawaida zina tundu lililobanwa. Chukua ya vipande viwili au vitatu. Na stenlesi kwa stenlesi hung'ang'aniana zikikazwa kavu, kwa hiyo tredi tepu hapo ni ya kuzuia kunata pia, si ya kuvuja peke yake.

Ya tatu ni ya PPR, plastiki inayoungwa kwa joto, yenye tufe la brasi ndani. Kama nyumba yote imefungwa PPR, hii ina faida ambayo brasi haina: haina tredi kwenye njia, inayeyushwa na bomba kwa mashine ya nyuzi 260 na kuwa kitu kimoja. Hasara ni kwamba ikiharibika unaikata. Ndiyo maana mimi nachukua yenye yunioni, kiungo kinachofunguka bila kukata bomba, hata kama fundi atasema anaongeza gharama bure. Fundi haishi kwenye hiyo nyumba.

Ya nne, PVC yenye yunioni pande mbili. Nzuri kwa bustani na kwa njia ya kumwagia mashamba, kwa sharti kwamba iko kivulini au imefukiwa kwenye kiboksi. Jua linaikausha hadi inapasuka kwa kugongwa tu. Isikaribie njia ya maji moto kutoka kwenye hita ya sola.

Ya mwisho, na hii iache hapohapo mezani, ni ile ya zinki iliyopakwa kromi, yenye kimpini kifupi cha kipepeo. Huwekwa sana chini ya sinki kwa sababu ni ndogo. Mahali pale panafaa valvu ya kona ya brasi, na tofauti ya bei ni ndogo kuliko nauli ya fundi kurudi.

Kuna mtego wa tredi ambao muuzaji mwenyewe anaweza asijue. Mabomba yetu yanatumia tredi ya Kiingereza, BSP. Baadhi ya valvu zinazoingia sokoni ni za tredi ya Kimarekani, NPT. Kwa nusu inchi na robo tatu, zote zina meno 14 kwa inchi, kwa hiyo zinaingiana vizuri tu mkononi. Lakini pembe ya jino ni nyuzi 55 kwa moja na 60 kwa nyingine, na utakaza, utaongeza tepu, utakaza tena, na tone litakuwa palepale. Soma herufi kabla ya kulipa.

KWA GESI YA FRIJI NA AC

Hapa usijaribu kubana matumizi. Valvu ya maji haiendi kwenye njia ya gesi, hata iwe imeandikwa bar 40. Bar 40 hizo ni kweli kwa maji. Gesi ya friji ni nyembamba mno na inatembea na mafuta ya kompresa. Inapenya pale kwenye shina ambapo maji yasingepita, na oringi ya maji haikutengenezwa kwa mafuta hayo. Halafu presha zenyewe si za simtanki. Kondensa, pale gesi inapotolea joto lake, ikiwa kwenye nyuzi 50, gesi ya aina ya R134a inakaa kama bar 12 kwenye geji, R22 kama 18, na R410A au R32 inafika karibu 30.

Ya kwanza kwa mpangilio wangu ni boli valvu ya friji yenye mikono ya kopa (shaba) ya kuchomelea. Danfoss wanazo, zinaitwa GBC. Castel wa Italia na Sanhua wa China wanazo pia. Zinatambulika kwa kifuniko kinachofunika shina, na kifuniko hicho ni sehemu ya kuzuia uvujaji, kwa hiyo usikitupe. Chukua yenye kisindano cha kupimia presha pembeni kama unaiweka karibu na draya, kichujio kinachonyonya unyevu kwenye gesi. Ya pili ni ya flea, yaani mdomo wa bomba uliopanuliwa na kukazwa kwa nati, kwa mahali unapotegemea kufungua mara kwa mara. Kila flea ni mahali pa kuvuja, na ukiweza kuchomelea, chomelea. Ya tatu ni ile ndogo ya mwisho wa mpira wa geji, inayokuwezesha kufunga gesi kabla ya kuufungua mpira. Hii kila fundi AC anapaswa kuwa nayo, na kwa R410A na R32 aangalie iwe ya inchi 5/16, maana pua za kujazia kwenye split nyingi za gesi hizo si robo inchi.

Saizi ndiyo inayowaponza mafundi bomba wanaovuka kuja upande huu. Nusu inchi ya kopa ya friji inapimwa kwa nje: milimita 12.7. Nusu inchi ya bomba la maji la chuma ni jina tu, kwa nje ina milimita 21.3. Nenda dukani na kipande cha kopa mkononi, si na saizi kichwani.

Na kabla ya kununua jiulize kama unaihitaji. Friji ya nyumbani ya R600a ina gesi ya makumi ya gramu tu. Kuiwekea valvu ni kuiongezea viungo viwili vya kuvuja bila faida. Mahali pake ni chumba baridi cha samaki, mashine ya barafu, na mitambo ambayo draya inabadilishwa bila kumwaga gesi yote.

Wakati wa kuchomelea, acha valvu wazi, izungushie kitambaa kilicholowa, elekeza moto mbali na mwili, na pitisha nitrojeni taratibu ndani. Tefloni inayeyuka kwenye nyuzi 327, na fimbo ya kuchomelea unayotumia inataka zaidi ya 600. Kama umeweka valvu mbili, huku na huku ya draya, usizifunge zote mbili kukiwa na gesi iliyo kimiminika katikati. Ikipata joto haina pa kutanukia, na kopa inapasuka. Funga kwanza ile ya upande gesi inakotoka, acha kompresa ivute, ndipo ufunge ya pili. Ammonia ni habari nyingine kabisa: inakula shaba na brasi, inataka valvu za chuma, na fundi wake.

Wanaouliza kuhusu gesi ya kupikia: tafuta iliyoandikwa EN 331 mwilini. Mpini wa njano pekee si ushahidi, kwa sababu mpini hufungwa kwa nati moja na unaweza kuhamishiwa valvu yoyote.