Uzoefu wangu na sanduku la betri la mashua: mkanda uliolegea na muuzaji aliyenikatia simu

Naandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa tukio lenyewe ni la msimu uliopita. Nilinunua sanduku la plastiki la kuwekea betri pamoja na mkanda wake wa kulifungia, vyote katika pakiti moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni kwa matumizi ya baharini, nikaviweka katika mashua yangu ndogo ya tanga. Vipimo vya sanduku viko kwenye pakiti na kila mtu anaweza kujisomea. Mimi nataka kuzungumzia mkanda, na jibu nililopewa nilipoulalamikia.

Siku hiyo tulikuwa tukibisha, yaani tukienda kinyume cha upepo kwa kupindapinda, upepo ukiwa mkali lakini si wa kutisha, na mashua imelalia upande wa demani, ule usiopigwa na upepo, kama mashua yoyote ya tanga inavyolala upepo unapokaza. Tulipogeuza kuingia upande wa pili, kilisikika kishindo kizito chini ya ngazi ya kuingilia chumbani, kishindo ambacho mtu aliyezoea chombo chake anajua mara moja kwamba si cha wimbi. Nilipofungua kabati niliona sanduku zima limehama mahali pake na kuegemea tangi la maji ya kunywa. Kitu pekee kilicholizuia lisiende mbali zaidi kilikuwa ni waya wa chanya, uliovutika mpaka kishikio chake juu ya kichwa cha betri kikapinda. Waya ule ungechomoka na kugusa chuma chochote kabla ya fyuzi, tungepata shoti ndani ya kabati la mbao, huku hatuna pa kukimbilia.

Baadaye, chombo kilipotulia, niliuchunguza mkanda. Bizimu yake ya plastiki haikuvunjika. Ilikuwa imeuachia mkanda uteleze, kwa sababu kitambaa chake ni laini, na kinapolowa hulegea na kurefuka. Sanduku lilipopata nafasi ndogo ya kucheza, kila wimbi likawa linalirusha na kulidaka tena, hadi skrubu moja ya kushikilia mkanda ikang'oka sakafuni. Skrubu hiyo ninayo mpaka leo: ni fupi kama kucha ya kidole gumba, na hesi zake zimejaa unga wa plaiwudi. Ni skrubu iliyokuja ndani ya pakiti, na picha katika karatasi ya maelekezo inaonyesha mahali palepale ilipofungwa.

Nilimpigia muuzaji simu, nikamsalimu, nikamweleza taratibu. Hakuniuliza kama kuna mtu aliyeumia. Alisema, "Bwana, betri ni nzito, haiendi popote. Mkanda ule ni wa kuzuia mfuniko usifunguke." Nilipomsomea maneno yaliyoandikwa kwenye pakiti yao wenyewe, kwamba mkanda ni wa kushikilia betri, aliniuliza kama nimewahi kusafiri baharini, kisha akakata simu.

Ukali wake ningeweza kuuvumilia, maana watu huchoka kazini. Kinachonikera hadi sasa ni ile kauli kwamba betri haiendi popote kwa kuwa ni nzito, inayotolewa na mtu anayeuza vifaa vya kufungia betri. Uzito ndio hatari yenyewe. Chukua betri ya risasi na tindikali yenye kilo 28, ukubwa wa kawaida katika mashua ndogo. Mashua ikilala nyuzi 30, nusu ya uzito huo, yaani kilo 14, inavuta kuelekea ubavuni. Ikilala nyuzi 45, mvuto huo unakaribia kilo 20. Ikilazwa na dhoruba mpaka mlingoti uguse maji, kilo zote 28 zinaning'inia kwenye mkanda, na bado sijahesabu mshtuko wa wimbi, ambao huongeza nguvu hiyo kwa ghafla. Anayeamini kwamba kitu kizito hutulia chenyewe anafikiria sakafu ya ghala.

Wala haya si mawazo yangu peke yangu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10133 kilitaka betri iliyokwisha kufungwa isisogee zaidi ya milimita 10 kuelekea upande wowote inapovutwa kwa nguvu iliyo sawa na mara mbili ya uzito wake. Kiwango hichohicho kilitaka mashua ya tanga yenye bodi moja, si mbili zilizounganishwa, iwe na njia ya kuzuia tindikali iliyomwagika isisambae hata chombo kikilala nyuzi 45. Sheria ya Marekani kwa boti zenye injini ya petroli ya ndani inaruhusu milimita 25 hivi, kwa mvuto wa mara mbili ya uzito wa betri au wa kilo 40 na ushei, ule ulio mdogo zaidi, na mvuto huo udumu dakika moja kwenda juu, mbele, nyuma na pande zote mbili. Zingatia kwamba juu nako kumetajwa. Mkanda wangu haukufika popote karibu na masharti hayo.

Tuseme pia hatari iliyo ndani ya betri yenyewe. Betri ya tindikali inapochajiwa hutoa haidrojeni, na gesi hiyo ikifikia takriban asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Maji ya chumvi yakiingia ndani ya betri huzalisha klorini, gesi inayochoma macho na mapafu, na chumba cha mashua ndogo hakina hewa ya kutosha kumwokoa aliyemo.

Sasa lazima niwe mwadilifu kuhusu sanduku, na hapa ndipo hukumu yangu inapokosa uthabiti. Sanduku ni zuri. Tindikali kidogo ilivuja kupitia vizibo vya betri ilipoinama, na yote ilibaki ndani ya sanduku; haikutoka hata tone la kugusa mbao. Kuta zake ni nene, mfuniko una matundu ya kupitishia gesi, vichwa vya betri vinafunikwa kabisa, na hata baada ya kugonga tangi halikupata ufa. Nilimimina bikaboneti ya soda iliyoyeyushwa majini, nikasuuza, nikakausha, na sanduku liko kazini hadi leo. Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikusudia kusema: nunua sanduku, tupa mkanda.

Mahali pa mkanda ule nimeweka mikanda miwili ya poliesta, ambayo hairefuki ovyo ikilowa, yenye bizimu za chuma cha pua. Inapita katika vishikio vya chuma vilivyofungwa kwa boliti zinazotoboa sakafu hadi upande wa pili, na chini yake kuna washa pana na kipande cha ubao mgumu cha kugawanya mvuto. Pembeni mwa sanduku nimegandisha vipande vya mbao kwa epoksi, ili kazi ya kuzuia kuteleza isibebwe na mikanda peke yake. Nyaya nimeziachia ulegevu kidogo, maana kazi yake si kushikilia betri. Kisha nilifunga mizani ya kuning'iniza, nikavuta kila upande, na juu pia, nikihesabu dakika. Sanduku halikusogea kwa kiasi cha kuonekana kwa jicho.

Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona kwamba "nunua sanduku, tupa mkanda" ni ushauri wenye hatari, kwa sababu anayenunua kwa mara ya kwanza hatausoma. Atasoma pakiti, atafunga skrubu zile fupi kama picha inavyomwelekeza, ataona kazi imekamilika, na atachukua watoto wake kwenda kutembea baharini. Akipiga simu kuuliza, ataambiwa kwamba betri ni nzito. Kwa ajili ya mtu huyo siwezi kukipendekeza kifaa hiki, hata kama sanduku lenyewe linastahili sifa zote nilizolipa. Nilitaka kutoa nyota tatu, natoa moja. Wakiondoa ule mkanda na zile skrubu katika pakiti, wauze sanduku peke yake na waandike wazi kwamba mnunuzi atafute vifungio vyake, nitaziongeza zifike nne siku hiyohiyo.